Dayati tano zinazouzwa mjini Tanga: ipi inapikika, ipi inamfaa mwanamke

Ratiba za mlo zinazouzwa kwa simu zimejaa Tanga kama zilivyojaa kwingine. Unalipia, unatumiwa faili la kurasa kadhaa, unaingizwa kwenye kundi la watsapu, na kesho yake asubuhi unaambiwa uipige picha sahani yako. Nyingi zimenakiliwa mitandaoni bila hata kubadilishwa majina ya vyakula, ndiyo maana mama wa Makorora anaagizwa akatafute brokoli, siagi ya lozi na samaki aina ya samoni, ilhali vibua wamelala wanang'aa pale Deep Sea. Hapa hatumtathmini muuzaji huyu wala yule. Tunazitathmini dayati zenyewe zilizomo ndani ya ratiba hizo: keto, kufunga saa 16, mlo wa Mediterania, DASH na mlo wa mimea, halafu maneno machache kuhusu chai za kupunguza tumbo, ambazo huuzwa bega kwa bega nazo.

Tumeangalia mambo matatu. Je, inapikika kwa vitu vya sokoni Mgandini? Inafanya nini kwenye damu, presha, sukari na mifupa ya mwanamke? Na huwa inaharibikia wapi? Kilo zinazopungua wiki ya kwanza hatukuzipa alama hata moja.

Sababu inaonekana vizuri kwenye keto, kwa hiyo tuanze nayo. Keto haikubuniwa kwa ajili ya unene. Ni tiba ya kifafa. Jina lake lilitolewa mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, na hadi leo hospitali huitumia kwa baadhi ya watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa. Sheria yake ni kupunguza wanga hadi gramu 20 mpaka 50 kwa siku, ili mwili ukose sukari ya kuchoma na uanze kuchoma mafuta. Sasa weka hesabu hiyo kwenye meza ya Tanga. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi. Chapati moja ya saizi ya kawaida inakaribia 40. Muhogo wa kuchemsha, gramu 100 tu, ni karibu 38. Chungwa moja la Muheza ni kama 15. Kwa maneno mengine, chapati moja ya asubuhi imemaliza siku nzima, na bado hujagusa chai.

Kilo mbili zinazotangazwa wiki ya kwanza ni maji kwa sehemu kubwa. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kiasi cha gramu 400 hadi 500, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushikilia takribani gramu 3 za maji. Akiba ikiisha, maji nayo yanatoka kwa njia ya mkojo. Ukila pilau ya harusi moja, yanarudi. Muuzaji anayekuonyesha picha za mizani za siku ya saba anakuonyesha mkojo.

Hata hivyo keto si uongo mtupu. Kwa mwanamke mwenye kisukari cha aina ya pili, sukari ya damu hushuka upesi, na mafuta ya damu yaitwayo traigliseridi hushuka pia. Wenye PCOS, lile tatizo la homoni linalovuruga hedhi na kuleta ndevu na chunusi, wameonyesha nafuu kwenye tafiti ndogo ndogo za muda mfupi: insulini imeshuka, wengine hedhi imerudi kwenye mstari. Lakini hapo pana jambo ambalo ratiba hazilisemi. Kwa mwenye uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito kwa njia yoyote ile mara nyingi hutosha kurudisha upevushaji wa yai. Mwenye kilo 90 anahitaji kupunguza kilo 4.5 hadi 9, na si lazima azipunguze kwa siagi. Tena upevushaji ukirudi, na mimba inarudi. Aliyezoea kuwa "mimi sishiki" atafute njia ya uzazi wa mpango kabla hajaanza dayati.

Inapoharibikia: siku ya tatu hadi ya tano kichwa kinagonga, miguu inakaza, mwili unalegea, kwa sababu chumvi imetoka pamoja na yale maji. Kwa joto la Tanga mambo yanakuwa mabaya zaidi. Choo kinakuwa kigumu, maana mbaazi, kunde, matunda na dona vyote vimetupwa nje, na ndivyo vilivyokuwa vinaleta makapimlo (nyuzinyuzi za chakula). Wengine lehemu (kolesteroli) mbaya ya LDL inapanda, hasa wanaojazia mafuta yao kwa nazi, samli na ngozi ya kuku. Mawe ya figo ni madhara yanayojulikana kwa wanaoifuata muda mrefu. Na kuna jambo la jikoni: mama anapika vyungu viwili, cha kwake na cha watoto. Vyungu viwili havidumu miezi mitatu katika nyumba ya kawaida ya Ngamiani.

Mjamzito asiiguse. Anayenyonyesha asiiguse pia. Kunyonyesha kunahitaji takribani kalori 500 za ziada kwa siku, na kumewahi kuripotiwa wanawake wanaonyonyesha waliolazwa kwa sababu damu ilijaa tindikali baada ya kukata wanga. Anayetumia dawa za kisukari kama insulini, glibenclamide au dapagliflozin asianze bila daktari wake kujua, kwa sababu dozi iliyopangwa kwa mtu anayekula ugali ni hatari kwa mtu asiyeula. Nyota 2 kati ya 5, na hizo mbili ni kwa ajili ya changu wa kupaka na mchicha, sahani ambayo ingekuwa nzuri hata isingeitwa keto.

Kufunga saa 16 na kula ndani ya saa 8 ni jambo ambalo mtu wa pwani halihitaji kufundishwa. Ratiba rahisi kwa hapa ni kumaliza kula saa 1 usiku na kufungua saa 5 asubuhi ya kesho yake. Katikati ni maji, chai ya rangi isiyo na sukari au kahawa chungu. Kijiko cha sukari kimevunja mfungo, maziwa vilevile. Kuna na mtindo wa 5:2, siku tano za kawaida na siku mbili za kalori 500 hivi, uliosambazwa na daktari Michael Mosley wa Uingereza kuanzia mwaka 2012. Waliozoea sunna ya Jumatatu na Alhamisi wataona siku mbili kwa wiki si ngeni.

Faida yake? Tafiti nyingi zilizolinganisha kufunga na kupunguza chakula kwa kawaida zimekuta matokeo yanakaribiana. Hakuna muujiza ndani ya saa 16. Kuna saa chache za kula, basi. Kinachowasaidia wengi ni kwamba kile chakula cha saa 4 usiku, chipsi mayai na soda, kinafutika chenyewe. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 37 au karibu na hapo, sawa na vijiko 9 vya chai. Ukiifuta hiyo kila usiku, umeshafanya kazi kubwa.

Kinachoharibu ni futari. Mtu amefunga saa 16, anafungua kwa mihogo ya nazi, vibibi, kaimati na juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutisha, anashangaa mwisho wa mwezi kanenepa. Kosa la pili ni protini. Ukila mara mbili tu kwa siku na zote ni wali na mchuzi, uzito unaoshuka unabeba misuli, na mwanamke aliyepita miaka 45 hana misuli ya kuchezea. Kila mlo uwe na kitu: samaki mzima wa saizi ya kiganja, mayai mawili, au kikombe cha maharage au kunde zilizopikwa. Mwenye kilo 60 anahitaji angalau gramu 48 za protini kwa siku. Kikombe cha maharage kinatoa karibu 15, yai moja 6.

Msichana mwembamba anayefunga ili awe mwembamba zaidi ajichunge na hedhi. Ikikatika miezi mitatu mfululizo na hana mimba, huenda mwili umezima uzazi kwa kukosa nishati, na homoni ya estrojeni ikishuka mifupa inaanza kuliwa. Hilo si la kusubiri. Mjamzito, anayenyonyesha, na mwenye historia ya kujinyima au kujitapisha wasiingie kwenye mfungo huu. Dini yenyewe imempa ruhusa mjamzito na mnyonyeshaji anayejihofia. Ratiba ya watsapu isiwe kali kuliko dini. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide akisikia jasho jembamba, mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio, sukari imeshuka: avunje mfungo pale pale kwa vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye maji, asubiri dakika 15, apime tena, kisha ale chakula cha kweli. Nyota 3.

Sasa tufike panapostahili muda: Mediterania na DASH. Kwenye vifurushi vinavyouzwa hizi mbili hazipewi nafasi kubwa, kwa sababu hazina picha za kabla na baada. Zina ushahidi.

Mlo wa Mediterania ulianza kuandikwa na Ancel Keys, Mmarekani aliyeanzisha utafiti wa nchi saba mwaka 1958. Utafiti unaotajwa zaidi ni PREDIMED wa Hispania, uliowafuata watu takribani 7,400 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, zaidi ya nusu wakiwa wanawake. Matokeo yalitolewa mwaka 2013, yakaondolewa na kuchapishwa upya mwaka 2018 baada ya kugundulika kasoro katika namna baadhi ya washiriki walivyopangwa kwenye makundi. Hesabu iliyorudiwa haikubadilisha jibu. Waliopewa mafuta ya zeituni au mchanganyiko wa lozi na kokwa nyingine za miti walipata kiharusi, mshtuko wa moyo na vifo vya aina hiyo kwa karibu asilimia 30 pungufu. Na hawakuambiwa wahesabu kalori.

Tukiuvua mlo huo nguo zake za Ulaya, unabaki na nini? Mboga nyingi, jamii ya kunde karibu kila siku, samaki mara mbili au zaidi kwa wiki, matunda badala ya keki, karanga kiasi cha gramu 30 (ngumi ndogo), mafuta ya mimea yaliyo maji maji, nyama nyekundu mara chache. Hiyo ni Tanga kabla ya chipsi. Mvinyo uliomo kwenye mlo wa wenyewe hauhitaji kutafutiwa mbadala. Pombe huongeza hatari ya saratani ya matiti, kwa hiyo hapa tumeshatangulia. Mafuta ya zeituni yanapatikana kwenye supamaketi lakini bei yake haimruhusu mtu kumimina vijiko vinne kwa siku kama walivyofanya Wahispania. Alizeti si zeituni, na asikudanganye mtu kuwa imepimwa vilevile, ila kuweka mafuta ya alizeti au karanga mahali pa samli, mafuta ya mawese na nazi hushusha LDL, na hilo limethibitishwa vya kutosha.

Nazi. Hapa ndipo ratiba zote za kununua hukosea, ama kwa kuipiga marufuku, ama kwa kuiita dawa. Nazi moja iliyokomaa ina nyama ya gramu 400 hivi, na theluthi moja ya uzito huo ni mafuta, mengi yake yakiwa mafuta mgando. Ukiigawa kwa watu watano, kila mmoja anapata kama gramu 20 na ushee za mafuta mgando kwa mlo mmoja, na mwisho wa kiasi kinachoshauriwa kwa siku nzima kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 22. Ukitumia nazi mbili kwa sufuria moja ya wali, kama wengine tunavyojua kupika, umepita mbali. Suluhisho liko kwenye kukamua. Kuna nazi kwa mbuzi, tia kikombe kimoja cha maji ya vuguvugu, fikicha, kamua kwenye kifumbu: hiyo ndiyo kasimile, iweke pembeni. Rudia chicha mara mbili kwa vikombe viwili vya maji kila mara, upate tui jepesi. Mbaazi, kisamvu au mchuzi wa samaki upikwe na tui jepesi lote mpaka viive. Kasimile inaingia mwisho, vijiko 4 vya mezani tu kwa sufuria ya watu watano, moto mdogo, unakoroga mpaka ichemke mara moja, unaepua. Iliyobaki igawe kwenye vikopo, igandishe; itatosha sufuria nyingine mbili. Wengi wanaoshindwa wanashindwa kwa sababu wameitia kasimile mapema na moto mkali, au wametanguliza ndimu, tui likakatika na kuwa maji na mafuta, halafu wakaongeza nazi nyingine kuokoa mchuzi.

Samaki ni rahisi. Vibua na dagaa wana mafuta ya omega 3 na bei yao inavumilika. Dagaa hushuka bei kipindi cha giza wavuvi wanapotoka na taa, mbalamwezi ikiwaka hupanda. Dagaa anayeliwa na mifupa yake ni chanzo kizuri cha kalisi, na mwanamke anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, 1,200 akishapita miaka 50. Mjamzito na anayenyonyesha wamwache papa, na samaki wakubwa wawindaji kwa jumla, kwa ajili ya zebaki inayojikusanya kwenye nyama yao. Na samaki akizamishwa kwenye karai la mafuta yaliyochomwa tangu asubuhi, usimwite Mediterania.

DASH ni jina la mlo uliotengenezwa Marekani mahususi kwa presha. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997: watu 459 walilishwa chakula kilichopimwa, na wale waliokuwa na presha ya juu walishuka wastani wa alama 11.4 kwa namba ya juu na 5.5 kwa namba ya chini, bila kupungua uzito na bila kubadilisha chumvi. Mabadiliko yalionekana ndani ya wiki mbili. Hizo ni namba za kidonge. Kwa mwanamke ina uzito wa pekee, kwa sababu presha hupanda baada ya hedhi kukoma, na vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huweza kuipandisha hata kwa kijana.

Kwa kalori 2,000, siku ya DASH inaonekana hivi: mboga sehemu 4 hadi 5 (sehemu moja ni nusu kikombe cha mchicha, matembele au bamia zilizopikwa), matunda 4 hadi 5, maziwa au mtindi vikombe 2 hadi 3 vyenye mafuta kidogo, nafaka sehemu 6 hadi 8, na jamii ya kunde au karanga mara 4 hadi 5 kwa wiki. Nafaka ndiyo inayowapoteza watu. Sehemu moja ni nusu kikombe cha wali, si sahani. Sahani ya wali ya mama ntilie inaweza kumaliza sehemu za siku nzima. Matunda na maziwa hapa si tatizo. Machungwa yanatoka Muheza, mboga zinashuka kutoka Lushoto, na Tanga ni mji wa maziwa. Mtindi ununuliwe usio na sukari, na maziwa ya kuchemsha nyumbani uyaache yapoe usiku kucha, asubuhi uondoe utando wa malai: umeshapata maziwa yenye mafuta kidogo bila kuongeza shilingi. Dafu nalo lina nafasi yake, glasi moja ina potasiamu ya miligramu 600 hivi, zaidi ya ndizi moja.

Kazi kubwa ya DASH kwa Tanga ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Njia nyepesi ya kujipima haihitaji mzani: nyumba ya watu wazima watano, pakiti ya nusu kilo ya chumvi ikiisha kabla ya siku 20, mmezidisha, na kwa kuwa kuna chumvi nyingine iliyojificha kwenye mkate, viungo vya mchuzi vya pakiti, sosi na ng'onda (samaki aliyekaushwa kwa chumvi), ingepaswa kusogea karibu mwezi. Viungo vya pakiti ndivyo adui wa kimyakimya. Mpishi anatia pakiti, halafu anatia chumvi "ya kukolea". Chagua kimoja. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, bizari na pilipili mbuzi vinaficha upungufu wa chumvi vizuri sana baada ya wiki tatu hivi, ulimi ukizoea. Msipunguze ghafla; punguzeni robo kila wiki, vinginevyo mzee wa nyumba ataitisha chumvi mezani na mchezo umekwisha.

Kwa ng'onda, maana hakuna atakayeacha kabisa: chumvi ya juu uisugue kwa maji ya bomba, kata vipande vyembamba vya upana wa vidole viwili, loweka kwenye maji mengi ya baridi saa 6 hadi 8 ndani ya friji, badilisha maji mara tatu, kisha chemsha dakika 10 na umwage yale maji. Tui lake lisiongezwe chumvi. Ukiloweka kipande kizima hakitoi chumvi ya ndani, na ukiloweka mezani kwa joto letu ananuka. Hata hivyo awe wa mara moja kwa wiki, si kitoweo cha kila siku.

Onyo moja kwa DASH: ina potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia spironolactone au dawa za presha za kundi la enalapril na losartan, amuulize daktari kwanza kabla ya kupanga madafu kwenye friji. Na mjamzito mwenye presha, kichwa kinachouma na macho kuona giza asikae nyumbani akihesabu mboga; aende kliniki au hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo, maana kifafa cha mimba hakisubiri. DASH tunaipa nyota 5, Mediterania 4 na nusu, na hiyo nusu imekatwa na bei ya zeituni.

Mlo wa mimea tutaupitia kwa haraka zaidi, kwa kuwa nusu ya wiki watu wengi tayari wanaula bila kuuita hivyo. Unashusha lehemu, unasaidia choo, unapunguza uzito taratibu. Tatizo lake kwa mwanamke ni damu. Utafiti wa afya wa taifa wa 2015–16 ulikuta wanawake 45 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Mwanamke anayepata hedhi anahitaji miligramu 18 za madini chuma kwa siku, mjamzito 27, na chuma cha kwenye kunde na mboga hufyonzwa kidogo kuliko cha kwenye nyama na samaki. Kwa hiyo mtu anayeacha nyama abadilishe na mambo mengine matatu. Maharage na kunde zilowekwe saa 8 hadi 12 na maji ya kuloweka yamwagwe. Chungwa, embe au kachumbari yenye ndimu iliwe kwenye mlo huo huo, kwa kuwa vitamini C hufungua mlango wa chuma. Na chai, ya rangi au ya maziwa, isogezwe angalau saa moja mbali na chakula. Mbaazi na chai ya maziwa asubuhi ni tamu, lakini chai inakwiba chuma cha mbaazi. Kisamvu kitwangwe vizuri na kuchemshwa bila kufunika mpaka kiive kabisa kabla ya tui, ili sumu ya asili ya majani ya muhogo itoke. Mchicha usihesabiwe kama chanzo cha kalisi, kwa sababu oksaleti yake inaishikilia, hesabu maziwa.

Anayeacha hata maziwa na mayai lazima atumie vitamini B12 ya vidonge au chakula kilichoongezwa. Hakuna mboga wala mwani utakaoziba pengo hilo, na dalili zake, ganzi ya miguu na kusahausahau, huchukua miaka kujitokeza. Anayepanga kupata mimba aanze asidi ya foliki mikrogramu 400 kwa siku kabla ya kushika, na akiwa kliniki asiache vidonge vya FEFO (madini chuma na asidi ya foliki) kwa sababu "ninakula mboga". Nyota 4 pamoja na maziwa na mayai, 3 bila hivyo.

Chai za kupunguza tumbo hazipati nyota. Nyingi zina sanamaki, hata kama kwenye boksi limechorwa ua zuri. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana baada ya saa 6 hadi 12, wakati chakula kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba; kinachotoka ni maji na choo, mafuta ya tumboni yanabaki palepale. Ukiinywa kila siku potasiamu inashuka, misuli inakaza, moyo unaweza kwenda kombo, na utumbo unazoea kusukumwa. Na hili wauzaji hawaliandiki: ukiharisha sana kwa zaidi ya saa 24 huku unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, vihesabu kama ulivisahau na utumie kinga nyingine. Kama tumbo ndilo linalokusumbua, chukua futi ya fundi cherehani, pima usawa wa katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, umetoa pumzi kawaida. Kwa mwanamke sentimita 80 ni mwanzo wa hatari, 88 ni hatari kubwa. Pima kila baada ya wiki nne, si kila asubuhi.

Kabla ya kulipia ratiba yoyote, jiulize kama muuzaji amekuuliza wewe kwanza: una mimba, unanyonyesha, unatumia dawa gani, hedhi yako ya mwisho lini, wingi wa damu yako ni ngapi. Wingi wa damu chini ya 12, au chini ya 11 kwa mjamzito, unatibiwa kwanza. Asiyeuliza hata moja kati ya hayo anauza faili. Na anayekwambia uache dawa za presha au kisukari kwa kuwa "mlo ni dawa", mwache na kundi lake. Pima presha kabla ya kuanza na tena baada ya wiki mbili, umekaa dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu iko chini, mkono usawa wa moyo, kibofu kitupu. Andika namba zote mbili kwenye daftari umpelekee daktari, yeye ndiye atakayepunguza kidonge kama kuna cha kupunguza.